Huyu Si Yule Niliyefunga Naye Ndoa



Leo katika ukurasa wetu tungependa kuzungumza nanyi juu ya maneno mazito ambayo hutamkwa katika nyumba nyingi za Kikristu, mara nyingine kwa sauti kubwa, mara nyingi zaidi moyoni tu: "Huyu si yule niliyefunga naye ndoa." Mke huyasema akimtazama mume aliyekuwa mcheshi na ambaye sasa hukaa kimya kutwa nzima. Mume huyasema akimtazama mke aliyekuwa akimwuliza kila jambo, na ambaye sasa huamua mwenyewe kama ng'ombe auzwe au asiuzwe. Wanaoyasema si lazima wawe wameacha kupendana. Wengi wao wanashangaa tu.

Lakini nyuma ya mshangao huo kuna swali la kweli ambalo haifai tulipite haraka. Ikiwa mtu niliyemwahidi uaminifu amebadilika, na mimi niliyeahidi nimebadilika pia, je, ahadi ile bado inatubana? Na kama inatubana, inatudai kufanya nini?

MFANO WA KUTULO

Tuchukue mfano kutoka mahali ambapo jambo hili huonekana waziwazi. Kutulo ni mji mdogo kaskazini mashariki mwa Kenya, katika barabara itokayo Wajir kwenda Elwak na hatimaye Mandera. Ni nchi ya ukame, nchi ya ngamia na mbuzi, na wenyeji wake ni Waislamu. Wakatoliki wanaoishi huko ni wachache, na karibu wote wamefikishwa na kazi: mwalimu, askari polisi, muuguzi, fundi wa ujenzi. Katika nchi hiyo kuna utani wa siku nyingi kwamba anayesafiri kwenda Nairobi "anakwenda Kenya." Utani huo una ukweli ndani yake. Kutoka Nairobi hadi Mandera ni karibu kilomita 1,000, na kwa miaka mingi lami iliishia Garissa.

Sasa mfikirie mwalimu aliyepangiwa kazi huko akiwa na miaka 28. Mkewe amebaki nyumbani, tuseme Machakos au Kakamega, pamoja na watoto wawili wadogo. Mwalimu huja likizo mara tatu kwa mwaka. Zamani alituma fedha kwa mkono wa mwenzake au kwa posta. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha hufika kwa dakika moja. Yeye mwenyewe bado hufika kwa safari ya siku mbili, amejaa vumbi, na baada ya wiki tatu huondoka tena.

Miaka 15 inapita namna hiyo. Huko Kutulo mwalimu amejifunza kunywa chai ya maziwa ya ngamia, amejua Kisomali cha sokoni, amezoea kula peke yake na kulala mapema. Amejifunza pia kunyamaza, kwa maana mgeni mwenye busara husikiliza kuliko anavyosema. Huko nyumbani mkewe amejifunza kusimamia shamba, kubishana na wanunuzi, kwenda shuleni mtoto anapoitiwa mzazi. Mama mkwe alipougua usiku, ni yeye aliyetafuta gari. Mwenyezi Mungu alipomwita mama huyo, ni yeye aliyepokea waombolezaji, mume akiwa bado njiani.

Wote wawili wamekua, na kukua kwao ni kwema. Lakini kila mmoja amekua peke yake. Anaporudi likizo, mume anamtafuta yule binti wa miaka 22 aliyemwacha, na mke anamtafuta yule kijana aliyekuwa akisimulia hadithi mpaka taa izimike. Hawawaoni. Ndipo maneno yale yanapozaliwa.

Mfano huu hauhusu Kutulo tu. Wapo wanandoa ambao hawajalala mbalimbali hata usiku mmoja, lakini mmoja yuko dukani toka alfajiri na mwingine yuko katika vikundi na vikao, na baada ya miaka 15 wamekuwa wageni kwa namna ile ile. Kutulo inatuonyesha kwa kilomita kile ambacho kwingine hufichwa na paa moja.

AHADI ILITOLEWA KWA NANI?

Wapo wasemao hivi: "Nilimwahidi binti mpole, mwembamba, anayecheka upesi. Binti huyo hayupo tena. Basi ahadi imekwisha yenyewe." Maneno haya yana mvuto, hasa kwa mtu aliyechoka. Lakini tuyapime.

Ukikopa fedha katika chama leo, huenda utamaliza kulipa baada ya miaka mitatu. Kwa muda huo utakuwa umezeeka kidogo, labda umepata mtoto, labda umebadili kazi. Je, mweka hazina atakubali ukimwambia kwamba aliyekopa alikuwa mtu mwingine? Kama mabadiliko yangefuta ahadi, hakuna ahadi ambayo ingedumu hata msimu mmoja wa mahindi, kwa maana hakuna binadamu asiyebadilika.

Utajibu kwamba deni ni fedha, na ndoa ni watu, wala haviwezi kulinganishwa. Ni kweli, na tofauti hiyo inatusaidia kuona vizuri zaidi. Deni hulipwa kwa vitu, likaisha. Katika ndoa ulijitoa wewe mwenyewe, ukampokea mwenzako mwenyewe. Hukupokea wembamba wake, wala mshahara wake, wala kicheko chake, ingawa labda hivyo ndivyo vilivyokuvuta kwanza. Kumbuka mliyoahidiana mbele ya altare: katika raha na taabu, katika afya na ugonjwa, siku zote za maisha. Kanisa liliwaambia wazi siku ile kwamba hali zitageuka. Mabadiliko yalitajwa ndani ya kiapo chenyewe! Wala mtu haapi kufanya jambo ambalo litafanyika lenyewe. Tunaapa kwa sababu tunajua kwamba kesho yetu haitafanana na leo, na tunataka pawe na kitu kimoja kitakachosimama mengine yanapohama.

Mtazameni Abrahamu na mkewe. Kitabu cha Mwanzo kinatueleza kwamba alitoka Harani akiwa na miaka 75, mzee tayari kwa hesabu zetu. Walikuwa wafugaji wa mahemani, wenye kuhama kufuata maji na malisho, kama wenyeji wengi wa Kutulo walivyoishi. Njiani walipata mali, waliingiwa na hofu, walikosa subira, waligombana juu ya Hajiri. Abrahamu alipokuwa na miaka 99 Mungu alimbadilisha jina, na mkewe Sarai akaitwa Sara. Jina la mume liligeuka na jina la mke likageuka. Ndoa ikabaki ile ile.

KUKUA SI KUSALITI

Liko kosa la pili, nalo ni la yule ambaye hakubali mwenzake abadilike. Huyu hasemi kwamba ahadi imekwisha. Yeye anaishika ahadi kama rungu: "Rudi ulivyokuwa!" Mume anachukia kwamba mkewe sasa anajua bei ya mbolea kuliko yeye. Mke anachukia kwamba mumewe hataki tena kwenda kucheza dansi. Wapendwa, Injili ya Luka inatueleza kwamba Yesu mwenyewe aliendelea kukua katika hekima na kimo. Kama Mwana wa Mungu alikubali kukua, sisi ni nani hata tuwadai wake zetu na waume zetu wabaki kama picha ya arusi iliyotundikwa ukutani?

Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri. Kwa Waborana, ambao ni majirani wa nchi hiyo ya kaskazini, maisha ya mwanamume yamegawanywa katika ngazi za Gada, na kila ngazi ina kazi yake na heshima yake. Hata kiongozi wao, Abbaa Gadaa, hushika uongozi kwa miaka 8, kisha humpisha mwingine. Kwa Wagikuyu, mtoto alipotahiriwa si mtoto peke yake aliyevuka; baba na mama nao walipanda ngazi, wakahesabiwa miongoni mwa wakubwa. Jamii nzima iliambiwa: Mtu huyu sasa ni mwingine, mtendeeni kadiri ya ngazi yake mpya.

Mtaalamu mmoja wa mambo ya nafsi, Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani, alifundisha jambo linalofanana na hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1950. Aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua 8, na tatu za mwisho ni za watu wazima. Kwanza kijana hujifunza kujitoa kwa mwenzake badala ya kuishi kwa upweke. Kisha mtu wa makamo hutafuta kulea na kuacha kitu kwa wanaokuja, au asipokipata hudumaa. Mwishoni mzee huyatazama maisha yake, akayapokea kwa amani au akayakatia tamaa. Mkewe, Joan, alishirikiana naye katika kazi hiyo. Erik alifariki mwaka 1994, na Joan, akiwa mjane mwenye miaka zaidi ya 90, akaongeza hatua ya 9, kwa kuwa uzee wenyewe ulikuwa umemfundisha mambo ambayo hawakuyajua walipoandika kabla ya kuzeeka.

Sisi leo tuna sherehe za mwanzo tu: ubatizo, komunyo, arusi. Hatuna sherehe ya mwanamume aliyefika miaka 50, wala ya mama ambaye mtoto wa mwisho ameondoka nyumbani. Kwa sababu hiyo mwenzetu anavuka mto bila sisi kujua, tukimwona ng'ambo tunadhani ametukimbia.

NGAZI ZA NDOA

Tuzitaje ngazi hizo kwa kifupi, ili kila mmoja ajue anaposimama.

Miaka ya kwanza ni ya kuzoeana, na mengi yameandikwa juu yake, basi tuipite. Baadaye huja miaka ya makamo, kati ya 35 na 50 hivi. Hapo mwanamume huanza kujiuliza: "Nimefanya nini duniani?" Wengine hujibu swali hilo vibaya kwa kutafuta hawara kijana, wakidhani wamerudishiwa ujana. Kumbe kiu yenyewe ilikuwa ya kuzaa matunda mapya: kumfundisha kijana kazi, kupanda miti, kuongoza jumuiya ndogo ndogo ya Kikristu. Mke mwenye kuelewa anaweza kumsaidia mumewe kuitambua kiu hiyo kabla haijampeleka kubaya. Mume naye akumbuke kwamba mkewe ana kiu hiyo hiyo. Akitaka kurudi masomoni au kuanza biashara akiwa na miaka 40, asimwambie kwamba ni mzee.

Kisha watoto huondoka, na karibu na wakati huo, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, hedhi ya mama hukoma. Wengi hawalizungumzi jambo hili hata kitandani. Mama anashikwa na joto la ghafla usiku, usingizi unapotea, hasira zinakuja bila kuitwa. Mume aliyekuja likizo ya wiki tatu anaona mke anageukia ukutani, anakata shauri kwamba hatakiwi tena. Laiti mmoja wao angesema neno moja! Mwili unavuka ngazi, moyo haujaondoka. Kituo cha afya kinaweza kusaidia, na upole wa mume unasaidia zaidi.

Ngazi tunayotaka kukaa juu yake ni ya kustaafu. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilisogeza umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60. Mwalimu wetu wa Kutulo anarudi nyumbani moja kwa moja. Anaingia katika nyumba aliyoijenga kwa mshahara wake na ambayo hajawahi kuishi ndani yake zaidi ya mwezi mmoja kwa mfululizo. Asubuhi ya kwanza anauliza kwa nini kuku wanafugwa upande ule. Asubuhi ya pili anamsahihisha mfanyakazi wa shamba mbele ya mkewe. Kwa miaka zaidi ya 30 aliongoza darasa. Sasa darasa hana, na anataka kuifanya nyumba iwe darasa. Mke naye ameendesha boma hilo kwa miaka mingi bila msaada. Anajisikia kana kwamba ameletewa bosi.

Nani ana haki hapa? Mume anasema: "Ni nyumba yangu, niliiteseka jangwani." Mke anasema: "Ni nyumba yangu, niliilinda." Wote wanasema kweli, na kwa hiyo hakuna atakayeshinda kwa hoja. Mume aliyestaafu afanye kama alivyofanya siku ya kwanza alipofika Kutulo. Je, siku ile aliwaamrisha wenyeji? La, alikaa, akatazama, akauliza njia. Afanye hivyo nyumbani kwake kwa miezi michache. Si aibu. Na mke asimwache awe mgeni siku zote. Amkabidhi kazi ya kweli, iliyo yake, ambayo mke hataigusa tena. Mtu asiye na kazi nyumbani huitafuta kilabuni.

NYUMBA INAYOHAMA

Wanandoa Wakatoliki walioishi kaskazini mashariki wameiona nyumba ya wafugaji wa Kisomali inayoitwa aqal. Ni kazi ya wanawake. Bibi arusi huandaliwa nyumba hiyo: miti iliyokunjwa kama upinde, na mikeka iliyosukwa ya kuifunika. Malisho yakiisha, mama huishusha, huifunga juu ya ngamia, na familia inahama. Wakifika penye maji, anaisimamisha tena. Mti uliovunjika hubadilishwa, mkeka uliochakaa husukwa mwingine. Baada ya miaka mingi ni vigumu kusema ni mikeka mingapi ya siku ya arusi iliyobaki. Lakini hakuna anayesema kwamba ile si nyumba yao.

Tungejifunza kutoka kwa majirani hao. Sisi hudhani ndoa ni nyumba ya mawe: ukishaijenga siku ya arusi, kazi yako ni kuishi ndani. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, alitukumbusha kwamba maisha ya siku hizi ni marefu, na kwamba wenzi hawawezi kuahidiana kuwa na hisia zile zile kwa miaka hiyo yote. Wanaweza kuahidiana nia moja, na kuchaguana upya mara kwa mara. Mtakatifu Yohane Paulo II naye, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya familia, alifundisha kwamba umoja wa mume na mke umeitwa kukua siku hadi siku.

Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili: ahadi inatubana. Na inachotudai ni kuendelea kumjua mwenzetu. Anayesema "huyu si yule" mara nyingi anakiri tu kwamba aliacha kumtazama siku nyingi zilizopita.

JERAHA NA DHAMBI

Hata hivyo, tusiyaweke mabadiliko yote katika kapu moja. Mengine ni kukua, mengine ni jeraha, na mengine ni dhambi.

Wale waliofanya kazi kaskazini mashariki wamebeba majeraha. Novemba 22, 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na wauaji, watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Desemba 6, 2019 basi lilishambuliwa kati ya Kutulo na Wargadud, na waliouawa walikuwemo askari polisi. Tusisahau pia wema ulioonekana huko: Desemba 2015, karibu na Elwak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristu mbele ya bunduki. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Mtu huyo hakuwa amewaapia abiria wale kitu chochote, na bado hakuwaacha. Sisi tulioapa tunapaswa kumtafakari.

Aliyepona katika mambo kama hayo anaweza kurudi nyumbani akiwa hashikiki. Anashtuka mlango ukibamizwa, anaogopa kupanda basi, hataki kusimulia, anakunywa pombe ili alale. Usimwite mwoga. Usimlazimishe kusimulia, wala usimwache peke yake na pombe yake. Jeraha la moyo linahitaji mganga kama mguu uliovunjika unavyohitaji. Mpelekeni kwa daktari au mshauri aliyesomea kazi hiyo, na Padre wenu ajue. Hapa ahadi ya "katika ugonjwa" inadaiwa hasa.

Lakini kama mwenzako amegeuka kuwa mtu wa kupiga, wa kutishia maisha yako au ya watoto, usidanganywe kwamba hiyo ni ngazi ya maisha na kwamba wajibu wako ni kuvumilia kipigo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayeleta hatari kubwa ya roho au mwili, na hatari ikiwa ya haraka anaweza kuondoka mara moja kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa kinabaki, lakini hakuna anayelazimishwa kukaa chini ya rungu. Nenda mahali pa usalama kwanza, kisha umwone Padre.

MBALI MPAKA LINI?

Linabaki swali moja ambalo wengi hawapendi kuulizwa. Je, ni halali wanandoa kuishi mbalimbali miaka yote hiyo? Kanuni ya 1151 yasema kwamba wanandoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kuwe na sababu halali. Kazi ya halali ya kulisha watoto ni sababu. Tena mara nyingine mtu hakuichagua: mwaka 2018 walimu wakuu wengi nchini Kenya walihamishiwa mbali na kwao kwa amri ya mwajiri. Hatumlaumu mtu.

Lakini sababu nayo ina umri wake. Mwanzoni mlisema: "Mpaka tumalize karo ya kifungua mimba." Karo ikaisha. Mkasema: "Mpaka tununue ploti." Ikanunuliwa. "Mpaka tujenge nyumba za kupanga." Sababu ya kwanza ilikufa zamani, mazoea yakabaki, na mazoea hayo yana utamu wake: mmoja amezoea uhuru, mwingine amezoea marupurupu ya mazingira magumu. Kila mwaka, tuseme wakati wa Kwaresima, kaeni chini mwulizane: Sababu iliyotutenganisha bado iko hai? Kama imekufa, tuizike, tutafute uhamisho, hata kama mshahara utapungua. Watoto wanaweza kusoma katika shule ya bei nafuu. Hawawezi kukopa utoto wa pili pamoja na baba yao.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa walio mbali: simu isiwe ya fedha tu. Angalau mara moja kwa wiki mpigie mwenzako bila kutaja karo, mbolea wala deni. Mweleze ulichojifunza, ulichoogopa, uliyekutana naye. Mambo madogo ndiyo yanayomfanya mtu ajulikane.

Kwa anayerudi likizo: siku tatu za kwanza usitoe hukumu juu ya jambo lolote la nyumbani. Na wewe uliyempokea, usimsomee orodha ya matatizo kabla hajaoga.

Kwa wote: mnapofika ngazi mpya, ifanyieni sherehe ndogo. Mtoto wa mwisho akiondoka, ombeni Misa ya shukrani, mle chakula kizuri wawili tu. Mume akistaafu, mwalikeni Padre au jumuiya iwabariki na kuwaombea. Kinachotajwa mbele ya watu hakitushtui gizani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

Baada ya kusoma ukurasa huu, tafuteni jioni moja, watoto wakishalala, mwulizane:

1. Katika miaka 5 iliyopita nimebadilika katika jambo gani ambalo wewe umeliona na mimi sijaliona?

2. Ni jambo gani jipya ndani yako ambalo sijakuruhusu kuwa nalo?

3. Ni ngazi gani inayotungoja mbele, na tunaiogopa kwa sababu gani?

Mjibizane kwa upole, bila kukatizana. Mkimaliza, sali pamoja Baba Yetu, mkishikana mikono kama mlivyoshikana siku ile mbele ya altare. Mikono hiyo si ile ile. Imeota sugu na mikunjo. Muitazame vizuri kabla hamjaiachilia.

Mungu aliyewaunganisha awabariki katika kila ngazi, na Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Tukutane tena katika toleo lijalo.